Kwa nini mganga anakuita tena kupiga radio?



Kompani inapopeleka watu wa chimbo kupigwa picha ya kifua, ile ambayo sisi wote tunaita "kupiga radio", siku ya kwanza haina matata. Watu wanapanga mstari, wanavua mashati, wanachekana matumbo, wanarudi kazini. Matata yanaanza siku karatasi zinapotoka hospitali. Nyingi zinasema mambo ni mazuri. Ziko chache ambazo mganga ameandika chini yake: arudi kwa picha nyingine.

Hapo kicheko kinakwisha. Mmoja anasema, "Basi, nimekwisha kufa." Wa pili anasema, "Wakubwa wanatafuta njia ya kuniondoa kazini." Wa tatu anasema mashini yao ni mbovu, kwa nini apoteze siku. Wa nne, na huyu ndiye ananitia hofu kuliko wote, hasemi kitu. Anakunja karatasi, anaitia mfukoni, na hatumwoni tena mpaka mwaka mwingine.

Mimi ni msaidizi wa mganga katika dispanseri ya kompani hapa Kindu. Ninavyofikiri mimi, karatasi ile ni mali ya mfanyakazi sawa na mshahara wake, na anayeitupa anajiibia mwenyewe. Lakini nitasema pia kama mfanyakazi ana sababu zake za kuogopa, na si zote za kijinga.

PICHA NI KIVULI

Miale ya radio iligunduliwa na mtaalamu wa Ujerumani, Wilhelm Röntgen, katika mji wa Würzburg, tarehe 8 Novemba 1895. Mwezi uliofuata alipiga picha ya mkono wa bibi yake. Mifupa ilionekana yote, na pete yake ikaonekana kama donge juu ya kidole. Mpaka leo kazi ni ile ile. Miale inapita upesi katika hewa na nyama, inazuiliwa na mfupa na chuma, na kinachobaki katika picha ni kivuli.

Na kivuli kinajua kudanganya. Usiku watoto wanakunja vidole mbele ya taa, na sisi tunaona sungura ukutani. Katika kifua ni hivyo: mbavu, moyo, mishipa ya damu, mapafu na ngozi, vyote vinalaliana katika picha moja. Ubavu ukipita juu ya mshipa, mahali vinapokutana panaweza kuonekana kama doa. Hata chuchu ya mwanaume inaweza kuonekana kama doa la mviringo ndani ya pafu. Mganga akishuku hivyo, anabandika kipande kidogo cha chuma juu ya chuchu na kuagiza picha ipigwe tena. Doa likiwa mahali pale penye chuma, mambo yamekwisha, mtu anakwenda kazini. Wengine wamelala siku tatu bila kula kwa ajili ya chuchu.

Yako pia mambo madogo ya siku ile ya picha. Fundi wa radio anasema: vuta pumzi, shika. Wewe unavuta nusu kwa sababu ile sahani ni ya baridi kifuani. Pumzi ikiwa nusu, moyo unaonekana mkubwa kuliko ulivyo, na sehemu ya chini ya mapafu inafunikwa na ukungu. Mgonjwa aliyepigwa picha amelala kitandani naye anaonekana na moyo mkubwa kuliko aliyesimama. Kifungo cha shati, mkufu, nywele za kusuka zilizoanguka begani, hirizi shingoni, vyote hivyo vinaandika jina lao katika picha. Nikisema hirizi, sitaki mtu akasirike. Ivue, mpe ndugu yako ashike, utaivaa tena baada ya dakika mbili.

Kwa hiyo mara nyingine mganga anaomba picha ya pili kwa sababu ya kwanza haisomeki. Mara nyingine anataka picha ya ubavuni, apate kujua kama kile alichokiona kiko mbele, nyuma, au juu ya ngozi tu. Kwa makosa ya namna hii hakuna wa kulaumiwa sana. Unarudi, unavuta pumzi yote, unakwenda zako.

MFUPA UNAOJIFICHA

Sababu ya pili ni siku zenyewe. Kuna magonjwa ambayo siku ya kwanza hayaonekani, hata mashini ikiwa mpya na mganga akiwa profesa.

Chini ya kidole gumba, ndani ya kifundo cha mkono, upo mfupa mdogo wenye umbo la mtumbwi. Waganga wanauita skafoidi. Mtu akiteleza katika matope ya chimbo na kujizuia kwa kiganja, mfupa huu unaweza kupasuka na picha ya siku ile isionyeshe kitu. Ufa ni mwembamba kuliko unywele. Baada ya siku kumi mpaka kumi na nne, kingo za ufa zinaanza kulika kidogo, na hapo ndipo picha inauona. Kwa sababu hiyo mganga anafunga mkono kwa plasta na kusema: rudi baada ya wiki mbili.

Mfanyakazi anafikiri vingine. Anasema: radio ilionyesha mimi ni mzima, plasta hii ya nini? Anaikata kwa panga na kurudi kwenye pauro. Lakini mfupa ule unapata damu kidogo tu. Usipotulizwa, vipande viwili vinaweza kukataa kuungana. Nimemwona mtu wa namna hiyo, bado kijana, fundi mzuri wa mashini ya kutoboa mawe. Leo anafunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto. Picha yake ya kwanza haikusema uongo. Ilisema ilichoweza kusema siku ile.

Kichwa nacho kina mambo yake. Mtu aliyepigwa na jiwe kichwani anaweza kuwa mzuri siku ya kwanza, na damu ikaendelea kuvuja polepole chini ya fuvu siku nyingi, hata majuma. Mashini ya kuona damu hiyo ni skaneri, na ukipelekwa mji mkubwa kama Kinshasa kupigwa skaneri, kisha mganga akataka ya pili, usiseme wanakula faranga za kompani. Mama, ninyi ndio mnaona wa kwanza: mume ameanza kusinzia mchana, anasahau maneno, kichwa kinamuuma kila asubuhi, mguu mmoja unaburuta. Mleteni upesi, hata kama picha ya kwanza ilikuwa nzuri.

MTU AMEPONA, PICHA BADO

Sasa tugeuze jambo hili. Kuna magonjwa ambayo mtu anapona kabla ya picha yake. Ukishikwa na nimonia, ukapewa dawa, homa inashuka kwa siku chache, unaomba fufu na samaki. Lakini kivuli katika pafu kinaweza kubaki majuma mengi. Mganga anakuita baada ya wiki sita hivi, zaidi sana ukiwa mvuta tumbako au umepita miaka 50. Anataka kuona kivuli kimekwenda. Kisipokwenda, labda nyuma yake kuna kitu kingine kilichojificha, uvimbe au kansa, na huko ni heri kujua mapema.

Kifua kikuu ndicho kinaleta maswali mengi zaidi. Dawa zake ni za miezi sita kwa ugonjwa wa kawaida. Tunaufuata zaidi kwa makohozi kuliko kwa picha: mwisho wa mwezi wa pili, mwezi wa tano, na mwisho wa dawa. Basi kwa nini mganga anataka pia picha siku ya kumaliza? Kwa sababu ya makovu. Kifua kikuu kikipona kinaweza kuacha kovu katika pafu, na kovu lile halifutiki. Miaka minane baadaye unakohoa kwa mafua tu, unapigwa picha mji mwingine, mganga asiyekujua anaona doa na kukuandikia dawa za miezi sita upya. Ukiwa na picha yako ya siku ya kumaliza, anaziweka mbili karibu karibu: doa ni lile lile, halikukua, halikuhama. Hapo kovu linajulikana kama ni kovu.

VUMBI LA KWARZI NA VUMBI LA BATI

Nimefika kwenye jambo linalotuhusu sisi watu wa Maniema kuliko wengine, na hapa nitakawia.

Kasiterite ya Kalima na Punia, wolframi ya Kailo, dhahabu ya Namoya: mara nyingi madini haya yamelala katika mishipa ya jiwe jeupe gumu, kwarzi. Kuyapata ni kuvunja kwarzi. Ukitoboa pakavu bila maji, ukiponda, ukichekecha, kwarzi inakuwa unga. Vumbi lile unaloliona likicheza juani linakwama puani, unapiga chafya, linatoka. Vumbi ambalo jicho halioni ndilo linashuka mpaka mwisho wa pafu na kukaa. Pafu linajaribu kulifunga kwa kovu dogo, kisha jingine, kisha maelfu. Ugonjwa huo ni silikozi.

Kwa kawaida silikozi inachukua miaka kumi na zaidi kuonekana. Vumbi likiwa jingi sana inakuja upesi kuliko hapo. Mwanzoni mwenyewe hasikii kitu, anacheza mpira Jumapili, anabeba mfuko wa simenti. Picha inaweza kuona kabla yake. Hakuna dawa ya kuondoa makovu yale. Kinachowezekana ni kumwondoa mtu katika vumbi kabla hayajawa mengi. Na jambo ambalo wazee wengi hawalijui: ugonjwa unaweza kuendelea hata baada ya kuacha chimbo. Kwa hiyo yule aliyestaafu, ambaye anasema "mimi na radio za kompani tumeachana", ndiye tungependa sana kumwona.

Shirika la Kazi la Dunia, lenye makao yake Genève, limetengeneza picha za mfano za mapafu ya vumbi. Msomaji anaweka picha ya mfanyakazi karibu na zile za mfano na kupima wingi wa madoa: 0, 1, 2 au 3. Kisha, akisitasita, anaandika kusitasita kwake. Akiandika 0/1 maana yake: nimesema sifuri, lakini nilifikiri pia moja. Akiandika 1/0, amesema moja lakini alifikiri sifuri. Napenda sana jambo hili. Wakubwa wa kazi hii duniani wameona kama jicho la mganga linaweza kuwa na shaka, wakaipa shaka mahali pake katika karatasi. Basi mganga akikuambia "sina hakika, rudi baada ya mwaka", usimdharau. Mjinga angekuwa na hakika upesi.

Sasa tuje kwenye bati. Kasiterite yenyewe ni oksidi ya bati, kitu kizito, kinazuia miale kama chuma. Katika viwanda vya kuyeyusha bati, na mahali pa kutia unga wake mifukoni, waganga waliona jambo la ajabu: wafanyakazi wenye picha za kutisha, mapafu yamejaa madoa meupe kila upande, lakini pumzi yao ni nzuri. Hali hiyo inaitwa stanozi. Vumbi la bati linakaa katika pafu na kuonekana sana, lakini karibu halileti madhara. Mtu mwenye picha mbaya kuliko wote anaweza kupanda mlima na kumwacha mganga wake nyuma.

Fikirini basi taabu ya mganga wa kwetu. Mbele yake iko picha ya mtu wa kasiterite, imejaa madoa. Inaweza kuwa bati tu, na hakuna la kufanya. Inaweza kuwa kwarzi, na mtu aondolewe vumbini. Inaweza kuwa kifua kikuu, na dawa zianze wiki hii, maana bibi na watoto wanalala chumba kimoja naye. Inaweza kuwa viwili pamoja, kwa sababu pafu lenye silikozi linashikwa na kifua kikuu upesi kuliko pafu zima. Picha moja haitoshi kuchagua. Kwa hiyo anaomba makohozi, anapima pumzi, anauliza ulifanya kazi gani, na anataka picha nyingine. Siku zitamsaidia. Kifua kikuu kinaweza kubadilisha picha kwa majuma au miezi. Silikozi kwa kawaida inaibadilisha kwa miaka. Bati linakaa palepale.

Kwa sababu hiyo naomba msifiche habari za kazi. Wengine walichimba wenyewe katika machimbo ya watu kabla ya kuingia kompani, wakisaga mawe kwa mkono, pakavu, bila maski, na hawataki kusema kwa kuogopa kapita. Mganga si kapita. Miaka ile ndiyo labda inaeleza picha.

MAMA NA EKOGRAFI

Ekografi haitumii miale. Inatumia sauti ambayo sikio halisikii, na haiumizi mtoto. Katikati ya mimba, kama juma la ishirini, inaweza kuonekana kama kondo la nyuma limekaa chini sana, karibu na mlango wa mtoto. Mganga anasema: urudi mwezi wa nane, kama juma la 32. Mama anasikia vizuri, tumbo linakua, na mama mkwe anasema, "Sisi tulizaa wote bila televizyo."

Kwa wengi mama mkwe atakuwa na bahati, kwa sababu tumbo la uzazi likikua, kondo mara nyingi linapanda juu pamoja nalo. Picha ya pili ni kwa kutafuta wale wachache ambao kwao halikupanda. Likibaki limefunika mlango, mtoto hawezi kupita bila damu nyingi kumwagika, na mama huyo lazima azalishwe hospitali kwa upasuaji, siku iliyopangwa. Fikirini damu ile ikianza usiku wa manane huko Alunguli, mvua inanyesha, na mtu wa mtumbwi amelala. Hakuna atakayekumbuka tena faranga za ekografi.

"JE, MIALE HAITANIUA?"

Swali hili nalipokea kwa heshima, lina akili ndani yake. Miale inapimwa kwa milisiverti. Picha moja ya kifua inakupa kama 0,1 au chini yake. Ardhi, jua na chakula vinampa mtu duniani kiasi cha 2,4 kwa mwaka, hata asipokanyaga hospitali. Picha moja ya kifua basi ni kama kuishi siku kumi au kumi na tano. Skaneri ya kifua ni jambo jingine, inafika mara makumi ya picha ya kawaida, na ndiyo sababu mganga mzuri haiandiki kama matabishi ya kumfurahisha mgonjwa. Mama mwenye mimba, au anayefikiri labda anayo, aseme kabla ya kuingia chumba cha radio. Na mganga asiyeweza kukuambia kwa nini anataka picha ya pili, mwulize tena.

HOFU YA KUPOTEZA KAZI

Nimesema nitafika hapa. Mfanyakazi anayekunja karatasi na kuitia mfukoni, mara nyingi hamwogopi mganga. Anaogopa biro. Anafikiri: wakisema mapafu yangu mabaya, nani atalipa shule ya watoto? Ni ovyo kumwambia mtu huyo "usiogope" na kumwacha hapo. Kuna mahali ambapo picha mbaya ilikuwa mlango wa kutokea, na habari za namna hiyo zinasafiri kutoka chimbo mpaka chimbo bila barua.

Mimi nasema hivi. Karatasi ya picha ya pili iandikwe sababu yake, kwa maneno ambayo mwenye karatasi anaelewa. Wako wauguzi wanaoinyoosha dirishani bila neno, kama tikiti ya gari la moshi. Siku ya kurudi kupiga picha ihesabiwe kuwa siku ya kazi. Mtu atakayeondolewa vumbini apewe kazi nyingine ndani ya kompani, na mjumbe wa sendika awepo siku ya kuamua. Na picha, au nakala yake, apewe mfanyakazi aende nayo nyumbani. Kama ni filamu, filamu. Kama ni mashini ya kompyuta, basi diski na karatasi ya mganga. Wengine katika wakubwa wataona nazidisha. Lakini Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri atoe matunzo ya uganga kwa mfanyakazi na familia yake, na kumpiga mtu picha moja yenye shaka kisha kunyamaza, mimi siyaiti matunzo. Tena CNSS, ile tuliyokuwa tunaiita INSS, ina tawi la ajali na magonjwa ya kazi. Huko hawasikilizi kikohozi. Wanataka karatasi yenye tarehe.

Tazameni Afrika ya Kusini. Katika machimbo ya dhahabu ya kule, sheria juu ya mapafu ya wachimbaji zilianza tangu 1911 na 1912, na mwaka 1916 iliundwa ofisi ya kuwapima. Lakini wachimbaji weusi, wengi wao kutoka Lesotho, Msumbiji na nchi nyingine, hawakutunzwa sawa na weupe, na wengi walirudi kwao bila kupigwa hata picha ya kutokea kazini. Ilichukua kesi kubwa mpaka mwaka 2019, korti ilipokubali mapatano ya kiasi cha randi miliari 5 kwa wenye silikozi na kifua kikuu, na mfuko unaoitwa Tshiamiso ukaundwa kuwalipa. Wakati huo wengi walikuwa wamekwisha kufa, na wajane wao wakaanza kutafuta karatasi za hospitali chini ya vitanda.

Hapa kwetu, mzee aliyetoboa mawe wakati wa Symétain, kisha Sominki iliyoundwa mwaka 1976, kisha SAKIMA tangu 1997, amepita kompani tatu kwa pafu moja. Mwulizeni kama ana bahasha ya picha zake. Kama anayo, asiiwashie moto wala asiitumie kuziba tundu la dirisha, kama nilivyoona katika nyumba moja, ambapo kifua cha baba kilikuwa kinazuia mvua.

JINSI YA KUTUNZA NA KURUDI

Bahasha ikae pakavu, imesimama, mbali na jiko na panya. Usiikunje, usiandike juu ya filamu. Nje ya bahasha andika jina, tarehe na kazi uliyokuwa unafanya mwaka ule: kutoboa, kuponda, kuosha, kuendesha gari. Mama aijue inapokaa, maana siku ya kuugua sana si wewe utakayeitafuta. Ukiitwa kwa picha ya pili, njoo na ya kwanza, na ya mwaka uliopita kama unayo. Mganga asiye na picha ya zamani mbele yake analazimika kuanza upya, na hapo ndipo picha ya tatu inapozaliwa.

Waliopewa karatasi katika mapimo ya mwisho na bado hawajarudi, waje dispanseri asubuhi, kabla ya zamu au baada yake, wote wa Kasuku, Mikelenge na Alunguli. Aliyepoteza karatasi aje bila karatasi, jina lake limeandikwa katika daftari. Na kama mto umejaa na huwezi kuvuka siku uliyopangiwa, mtume mtu yeyote atakayevuka kabla yako, aje aseme jina lako tu, tutakuandikia siku nyingine.